Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Kila mwaka inapokaribia tarehe 9 Julai, majirani zangu wa Sudan Kusini hapa Kitale huanza kujiandaa kwa siku yao ya uhuru. Kina mama huchanga pesa za nyama na unga, vijana hutafuta spika na viti vya kukodi, na mtu hutumwa kuazima ukumbi. Siku ikifika bendera hupandishwa, wimbo wa taifa huimbwa, kisha mzee mmoja husimama na kuwataja mashujaa waliomwaga damu ili nchi yao ipatikane. Mimi hualikwa na kuketishwa mbele, pamoja na wazee, kwa sababu baadhi yao walinijua nikiwa muuguzi Lokichoggio. Mpaka leo wananiita sista.

Nchi ile si yangu. Mimi ni Mkenya, na siku yangu ya uhuru ni Desemba. Lakini ujana wangu niliutumia kuwafunga majeraha watu waliopigania ile nchi, na utu uzima wangu niliutumia kuwafundisha binti zao ukunga. Kwa hiyo nina neno, na nalisema kwa mapenzi: Sudan Kusini haijawahi kuwaomboleza wafu wake wote. Inaomboleza nusu, wale waliouawa na adui wa nje. Nusu ya pili, wale waliouawa na ndugu zao, haitajwi jukwaani. Na hiyo nusu isiyotajwa ndiyo inayoirudisha nchi vitani kila mara.

Nieleze nilivyolifahamu jambo hili.

Lokichoggio, au Loki kama tulivyozoea kuita, ni mji mdogo wa Turkana ulio karibu na mpaka. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango mkubwa wa misaada ulioitwa Operation Lifeline Sudan, na Loki ikawa kituo chake. Ndege zilipaa alfajiri zikiwa na mahindi, dawa na mablanketi, zikarudi jioni zikiwa tupu. Zile za Msalaba Mwekundu ndizo zilizorudi na watu. Nje kidogo ya mji palikuwa na hospitali ya Lopiding, iliyofunguliwa mwaka 1987 na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Hapo ndipo nilipopangiwa kazi nikiwa muuguzi mchanga, aliyezoea wodi ya wazazi na malaria za watoto.

Mgonjwa wetu hakuwa amepigwa risasi jana. Wengi walikuwa wamebebwa na jamaa zao kwa siku nyingi, kwenye machela ya miti au mgongoni, mpaka uwanja wa vumbi ambapo ndege ndogo ingeweza kutua. Walifika na mifupa iliyovunjika, homa, na harufu ambayo hata leo naweza kuitambua nikiwa mlangoni. Ukimwona mtu ameishi na jeraha la namna ile juma zima, unajua kwamba kuna watu nyuma yake waliokataa afe. Hao waliobeba machela hawamo katika hotuba yoyote niliyowahi kuisikia.

Jambo la kwanza tulilofundishwa pale lilikuwa hili: jeraha la vita halishonwi siku linapofika. Daktari hulipanua badala ya kulifumba. Hukata nyama yote iliyokufa mpaka afikie nyama hai inayotoa damu, hulisafisha kwa maji mengi, kisha huliacha wazi, limefunikwa kwa shashi kavu na bandeji. Baada ya siku tano hivi, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Likikutwa safi, linashonwa. Likiwa bado na uchafu, linasafishwa tena. Jamaa za wagonjwa walikuja juu: mbona mmemwacha mtoto wetu na shimo? Lakini tulikuwa tumewapokea wengine walioshonwa haraka porini na watu wenye nia njema. Juu palikuwa pamefunga vizuri, ngozi imekutana. Chini palikuwa pamevimba, pana joto, na daktari alipokata uzi usaha uliruka. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi methali hiyo nimeiona kwa macho.

Wodini nilisomeshwa historia ya vita vile na wagonjwa wenyewe. Alikuwapo mzee mmoja wa upande wa Torit aliyemsindikiza mjukuu wake aliyekanyaga bomu la ardhini. Kila jioni aliketi chini kando ya kitanda akisimulia. Mwezi Agosti 1955 alikuwa kijana pale Torit, askari wa kusini walipoasi baada ya kuamriwa kuhamia kaskazini. Sudan ilipopata uhuru wake kutoka kwa Waingereza na Wamisri, tarehe 1 Januari 1956, kwao kusini damu ilikuwa imeshamwagika. Vita vya kwanza, vya waasi wa Anyanya, vilichukua ndugu zake. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 uliwapa kusini serikali yao ya jimbo, na kwa miaka kumi na moja mzee huyu alilima, akaoa, akazaa. Kisha mwaka 1983 Rais Nimeiri aliivunja serikali ile ya kusini na kutangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima. Mwezi Mei mwaka huo huo askari waliasi Bor, na John Garang, kanali aliyesomea shahada ya uzamivu ya uchumi wa kilimo huko Marekani, akawa kiongozi wa jeshi jipya la ukombozi, SPLA. Vita hivyo vya pili vilichukua wana wa mzee. Sasa alikuwa ameketi akimwangalia mjukuu asiye na mguu. Vizazi vitatu vya nyumba moja, na bado uhuru ulikuwa mbali.

Walikuwapo wavulana pia. Maelfu yao walikuwa wametembea kutoka vijijini mwao mpaka kambi za Itang na Pinyudo nchini Ethiopia. Serikali ya Mengistu ilipoanguka mwezi Mei 1991 walifukuzwa, na wengi wakafia katika mto Gilo, kwa maji na kwa risasi. Walionusurika walirudi Sudan, wakavuka jangwa la Kapoeta, na mwaka 1992 wakaingia Kenya kupitia Loki yetu na kupelekwa Kakuma. Niliowahudumia miaka iliyofuata walikuwa na nyayo ngumu kama soli, na walikula haraka, mkono mmoja ukilinda sahani.

Na walikuwapo wanawake. Baadhi walikuwa askari, kwa maana SPLA ilikuwa na kikosi cha wasichana kilichojulikana kama Katiba Banat. Wengi zaidi walikuwa wamebeba masanduku ya risasi vichwani na watoto migongoni, wakapika kwa ajili ya majeshi, wakazika waume, wakazaa bila mkunga chini ya miti. Hao nao sadaka yao ni sadaka.

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba vita vya 1983 hadi 2005 viliua watu wapatao milioni mbili, kwa risasi, njaa na maradhi, na kuwang'oa wengine milioni nne makwao. Watu hawa walijitoa kweli. Anayedhani uhuru wa Sudan Kusini ulikuwa zawadi ya mabalozi angeingia wodi ile usiku mmoja tu.

Lakini wodi ile ile ilinionyesha upande wa pili. Mwezi Agosti 1991 SPLA iligawanyika. Makamanda wake Riek Machar na Lam Akol, wakiwa katika mji wa Nasir, walitangaza kumpindua Garang. Mwezi Novemba wapiganaji wa kundi la Nasir, wengi wao wa kabila la Wanuer, waliingia Bor na vijiji vyake, kwa Wadinka. Shirika la Amnesty International lilikadiria waliouawa kuwa watu wapatao elfu mbili. Ng'ombe walichukuliwa, mashamba yakachomwa, na njaa ikafuata. Visasi navyo vikafuata, na miaka ile watu wa kusini waliuana kwa namna ambayo serikali ya Khartoum isingeweza kuipanga vizuri zaidi.

Kanuni ya Lopiding ilikuwa moja: silaha inabaki nje, na mgonjwa ni mgonjwa. Kwa hiyo tulikuwa na kijana wa Bor, na kitanda cha tatu kutoka kwake kijana Mnuer wa upande wa Nasir, wote wawili na mapaja yaliyovunjwa kwa risasi, wote wawili miguu ikiwa imevutwa kwa mizigo, hawawezi kunyanyuka. Walilazimika kusikilizana usiku wakilia kwa maumivu. Sitasema kwamba walipatana, hawakupatana. Walijifunza kupokezana kopo la maji, basi. Siku yule wa Bor alipopewa magongo yake, aliniuliza kwa Kiswahili alichokiokota Kakuma: "Sista, siku tukipata nchi, wale waliouawa na Waarabu wataitwa mashujaa. Mama yangu aliuawa na wenzetu. Yeye ataitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Yule Mnuer naye alikuwa na wafu wake, waliouawa na watu wa Bor wakilipiza. Angeweza kuuliza swali lile lile.

Liko jambo moja la miaka ile ambalo lingepaswa kusomeshwa katika kila shule ya Sudan Kusini. Mwaka 1999, mwezi Februari na Machi, Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwaita Wadinka na Wanuer wa magharibi ya Nile wakutane Wunlit, katika Bahr el Ghazal. Walijenga vibanda, wakachinja fahali mweupe, wakaketi kwa siku nyingi. Na kabla ya kutia saini lolote, walisema. Upande mmoja ulisimama na kutaja: waliouawa ni hawa, waliotekwa ni hawa, ng'ombe waliochukuliwa ni hawa. Upande wa pili ulisikiliza mpaka mwisho, kisha ukapewa zamu yake. Baada ya hapo ndipo wakakubaliana kurudishiana waliotekwa na kushirikiana malisho na maji. Wagonjwa waliotoka sehemu zile walituambia njia zilikuwa zimefunguka, watu wanapita. Wunlit ilifanya kwa watu kile daktari wetu alichofanya kwa mapaja: ilifungua, ikasafisha, ikangoja, ndipo ikashona.

Amani ya wakubwa haikufuata njia hiyo. Sisi Wakenya tunaionea fahari, na tuna haki. Itifaki ya Machakos ilitiwa saini tarehe 20 Julai 2002, ikawapa watu wa kusini haki ya kujiamulia. Jenerali wetu Lazaro Sumbeiywo aliwakalisha wajumbe Naivasha kwa uvumilivu mkubwa, na tarehe 9 Januari 2005, katika uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, John Garang na Ali Osman Taha walitia saini mkataba wa amani. Risasi zikanyamaza kati ya kaskazini na kusini. Maisha mangapi yaliokolewa siku ile hayahesabiki. Lakini mkataba ule ulikuwa kati ya Khartoum na SPLM, chama cha kisiasa cha SPLA. Kilichotokea Bor, na kilichotokea katika vijiji vya Wanuer, hakikuwa mezani. Machar alikuwa amerudi kwa Garang tangu 2002, wakapeana mikono, na ikaonekana yatosha.

Tarehe 9 Julai 2005 Garang aliapishwa Khartoum kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, na kipindi cha mpito cha miaka sita kikaanza kuhesabiwa. Ndiyo maana uhuru ukaangukia tarehe 9 Julai. Garang mwenyewe hakuuona. Tarehe 30 Julai, wiki tatu baada ya kuapishwa, helikopta iliyokuwa ikimrudisha kutoka Uganda ilianguka, naye akafa pamoja na wote aliokuwa nao. Siku hiyo ya Julai 30 imekuwa Siku ya Mashujaa.

Hospitali ya Lopiding ilikabidhiwa kwa serikali ya Kenya mwaka 2006, nami nikavuka mpaka kufuata wagonjwa wangu. Juba ya wakati ule ilikuwa mji wa mahema na vumbi. Nilikwenda kufundisha wakunga, kwa sababu hesabu zilitisha: utafiti wa kaya wa mwaka 2006 ulikadiria kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, wanawake 2,054 walikufa kwa uzazi, idadi iliyokuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Wanafunzi wetu walikuwa wamesomea Kakuma, Kampala, Khartoum na porini. Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili vilichanganyika darasani, na tulielewana.

Kura ya maoni ilipigwa kwa juma zima kuanzia tarehe 9 Januari 2011. Karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili kwa ajili ya wasiojua kusoma: mikono miwili iliyoshikana kwa wanaotaka umoja na Sudan, na mkono mmoja ulioinuliwa kwa wanaotaka kujitenga. Niliwaona mabibi waliolala kwenye foleni tangu usiku. Walipotoka walinionyesha vidole vyenye wino kama mtu anavyoonyesha mjukuu. Kura 3,792,518 zilisema kujitenga, asilimia 98.83. Si mara nyingi taifa zima huongea kwa sauti moja kiasi hicho.

Usiku wa kuamkia 9 Julai hatukulala. Saa sita kengele za makanisa zilipigwa, magari yakapiga honi, ngoma zikatoka kila mtaa. Asubuhi tulisimama juani karibu na kaburi la Garang, watu wakizirai kwa joto na kuinuliwa tena. Spika James Wani Igga alisoma tangazo la uhuru. Bendera ya Sudan ilishuka, ya Sudan Kusini ikapanda, na kilio kilichotoka kwa umati ule kilikuwa cha furaha na msiba kwa pamoja. Salva Kiir aliapa kuwa Rais akiwa na kofia yake nyeusi, Omar al-Bashir, Rais wa Sudan, akishuhudia, na Rais wetu Kibaki naye akiwapo. Mwanamke aliyesimama kando yangu alikuwa akitaja majina kwa sauti ndogo. Nilipomtazama aliniambia ni watoto wake, anawaarifu kwamba bendera imepanda. Siku tano baadaye nchi yao ikawa mwanachama wa 193 wa Umoja wa Mataifa.

Nilifurahi siku ile kwa moyo wote, na sijutii furaha yangu. Lakini uhuru una deni, na deni la waliokufa hulipwa kwa walio hai. Mtu aliyekufa hahitaji gari wala jumba. Kilichomtoa nyumbani ni kwamba mtoto wake asome, mkewe asife akizaa, mzee wake asilale njaa. Hayo ndiyo malipo. Serikali mpya ilipata karibu mapato yake yote, asilimia 98 hivi, kutoka kwa mafuta. Na bado mwezi Mei 2012, kabla uhuru haujatimiza mwaka, Rais Kiir mwenyewe aliwaandikia barua viongozi 75, waliokuwa madarakani na waliotoka, akiwataka warejeshe fedha za umma zipatazo dola bilioni nne zilizopotea. Wakati huo wanafunzi wangu walijifunza kuzalisha kwa mwanga wa tochi. Waliokuwa wakipanda jukwaani kila Julai kusema "sisi tulipigana" walikuwa wameifanya damu ya wenzao kuwa hati ya kumiliki nchi. Yule mzee wa Torit alitoa vizazi vitatu na hakudai chochote.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 15 Desemba 2013. Mzozo wa Kiir na Machar ndani ya chama ulifika kambini, na usiku risasi zikaanza Juba. Asubuhi yake zilikuwa zimehamia mitaani, na watu wakawa wanaulizwa lugha ya mama yao. Wanaume wa Kinuer walikusanywa. Katika kituo kimoja cha polisi mtaa wa Gudele waliuawa mamia wakiwa wamefungiwa chumbani. Mmoja wa wanafunzi wetu, binti Mnuer, alifichwa na wenzake wa Kidinka katika stoo ya vifaa, nyuma ya maboksi ya glavu, mpaka walipoweza kumfikisha kambi ya Umoja wa Mataifa ya Tomping, ambako maelfu walikuwa wamekimbilia. Wasichana wale walihatarisha maisha yao. Wao pia ni mashujaa, na siku yao haimo katika kalenda. Mimi niliondoka kwa ndege pamoja na Wakenya wengine.

Na vita vilielekea wapi baada ya Juba? Vilielekea Bor. Mji ule ulichukuliwa na kurudishwa mara kadhaa ndani ya wiki chache, na wagonjwa, wazee na wanawake waliokimbilia kanisani wakauawa. Nilipoisikia habari ile redioni, nyumbani Kitale, nilimkumbuka kijana wa magongo na swali lake. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu 1991. Juu palikuwa na ngozi nzuri: bendera, wimbo, kiti Umoja wa Mataifa. Chini jeraha halikuwa limesafishwa. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walikadiria kwamba kati ya Desemba 2013 na Aprili 2018 vita hivi vilisababisha vifo karibu 383,000, nusu yake hivi kwa kuuawa moja kwa moja. Hawakuuawa na Khartoum. Ni watu waliokuwa wamepiga kura ya mkono mmoja ulioinuliwa.

Wako wazee ninaowaheshimu wanaoniambia: "Sista, haya usiyaseme siku ya sherehe. Taifa bado changa. Ukifukua unaleta kisasi." Nawaelewa. Wamezika sana, wanaogopa. Lakini naona mambo mawili. La kwanza, kunyamaza jukwaani hakujawasahaulisha watu. Watoto waliozaliwa hapa Kitale, ambao hawajawahi kuiona Bor wala Nasir, wanajua nani alimuua nani. Wamefundishwa jikoni, kila nyumba upande wake, bila mtu wa kuwasahihisha wala kuwaonyesha kwamba ng'ambo nako walilia. Hiyo ndiyo fukuafukua ya hatari, kwa sababu inafanyika gizani. La pili, Wunlit walisema yote hadharani na hawakuuana, walifungua njia.

Hata viongozi wamewahi kuonja njia hii. Mwezi Agosti 2011, mwezi mmoja baada ya uhuru, Riek Machar aliomba radhi kwa watu wa Bor kwa yaliyotendeka 1991, akiwa nyumbani kwa mjane wa Garang. Lilikuwa jambo kubwa, nami nililipokea kwa heshima. Lakini radhi ya mtu mmoja haisafishi jeraha la maelfu. Ilihitaji kufuatwa na kusikilizwa, kuandikwa majina, na kulipwa fidia, pande zote. Haikufuatwa. Mkataba wa amani wa 2015, na ule wa 2018 ulioufufua, uliahidi katika sura yake ya tano tume ya ukweli, maridhiano na uponyaji, mamlaka ya fidia, na mahakama maalumu itakayoundwa pamoja na Umoja wa Afrika. Mahakama hiyo haijasikiliza kesi hata moja. Uchaguzi uliopangwa Desemba 2024 ulisogezwa hadi Desemba 2026. Mwezi Machi 2025, baada ya mapigano kuzuka tena upande wa Nasir, Machar, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake. Majina ni yale yale ya 1991, na mahali ni pale pale. Mtu wa wodini haoni ajabu.

Kwa hiyo ninasema nini kwa wanaoadhimisha tarehe 9 Julai, wawe Juba, Kakuma, Kampala, Eldoret au hapa kwetu?

Adhimisheni. Msikubali mtu awaambie kwamba kwa sababu ya mabaya yaliyofuata, uhuru wenyewe ulikuwa kosa. Waliokufa kwa ajili yake walikuwa na haki, na nchi yenu ni yenu.

Lakini mnapowataja wafu, watajeni wote. Mtajeni Garang na askari wa Torit na wavulana wa mto Gilo. Kisha watajeni wa Bor 1991, na Wanuer waliolipiziwa kisasi, na wa Gudele 2013, na wa Bor tena. Mdinka asimame awataje wafu wa Wanuer; Mnuer asimame awataje wafu wa Wadinka. Msisahau Waequatoria, watu wa kusini mwa nchi, ambao vita vya 2016 vilimaliza vijiji vyao na kuwajaza Uganda. Ikiwa jukwaa la serikali halina nafasi hiyo, ukumbi wa kuazima mjini Kitale unayo.

Nyinyi vijana mnaosoma Kiswahili hiki kwa sababu mlikulia shule zetu, ketini na wazee wenu wangali hai, mwandike. Jina, kijiji, mwaka, na aliyeua ni nani. Mahakama ikija itahitaji majina hayo, na tume ikija itahitaji majina hayo. Zisipokuja, wajukuu wenu watayahitaji.

Nasi Wakenya tuache kuhesabu tu fahari ya Naivasha. Tulisaidia kushona, tusaidie pia kusafisha. Tuulize majumba makubwa ya viongozi wa vita yaliyo katika mitaa yetu ya Nairobi yalinunuliwa kwa fedha gani. Tuwashike mkono wajane na vilema wa vita wanaoishi katikati yetu, ambao hawana pensheni wala medali.

Mama wa yule kijana wa Bor anastahili kuitwa shujaa. Mwiteni hivyo Julai hii, kwa sauti, na wa upande wa pili wakiwa wameketi wanasikia. Kisha wapeni zamu yao.